Fahamu: Kuondoa kinyesi cha ndege bila kuhatarisha mapafu

Penye miti mikubwa kama ya Spring Valley, Nairobi, kwarara na njiwa hawakosekani, na mapaa, baraza na magari huchafuka. Hatari kubwa imo katika vumbi. Kinyesi kikavu kikifagiwa, vijidudu hupeperuka na kuvutwa puani. Kimojawapo ni kuvu ya kriptokokasi, inayopatikana hasa kwenye kinyesi cha njiwa. Wengi wenye afya njema haiwadhuru, ila kwa anayeishi na VVU bila matibabu inaweza kufika kwenye ubongo na kusababisha homa ya uti wa mgongo, ugonjwa unaoua.

Basi usifagie kikavu. Vaa glavu na barakoa inayobana, ya N95 ukiipata. Lowesha kinyesi kwa maji ya sabuni, subiri kilainike, kipanguse kwa karatasi, uifunge kwenye mfuko na kuitupa. Osha mahali hapo kwa klorini iliyozimuliwa kwa maji. Kamwe usiichanganye na sabuni yenye amonia, kwani hutoa gesi ya sumu.

Kwa kuwa mvua huosha kinyesi kilicho mapaani, wanaovuna maji ya mvua waache maji ya kwanza yamwagike kabla ya kujaza tangi. Na ukimwajiri mtu kusafisha dari, tafadhali mpe barakoa na glavu kabla hajapanda ngazi.