Crohn ikitulia, mbaazi za nazi hazijaharamishwa

Mji wa Kale wa Mombasa asubuhi hunukia mahamri na mbaazi. Mgonjwa wa Crohn aliyekwisha kupata nafuu akipita pale ana swali moja: mbaazi za nazi ndiyo basi tena? La, si basi. Ila inategemea utumbo wake ukoje.

Crohn ni maradhi ya kudumu. Kinga ya mwili huugeukia utumbo, ukavimba na kufanya vidonda. Daktari Burrill Crohn na wenzake wawili wa hospitali ya Mount Sinai, New York, waliyaeleza mwaka 1932. Yanaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, lakini mara nyingi hushika mwisho wa utumbo mwembamba, pale pale panaposhikwa pia na kifua kikuu cha tumbo. Ndiyo maana huku kwetu mgonjwa anaweza kumeza dawa za kifua kikuu kwa miezi kabla maradhi yake hasa hayajajulikana.

Yakishatulia, hakuna mlo mmoja uliothibitishwa kuyazuia yasirudi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2019 ulilinganisha waliokula nyama nyekundu angalau mara mbili kwa wiki na walioila isiyozidi mara moja kwa mwezi. Maradhi yaliwarudia kwa kiwango kisichotofautiana. Kwa hivyo jirani anayekuamuru uache nyama, ngano, maziwa na nazi kwa mpigo anakutafutia kukonda na upungufu wa damu, hata kama nia yake ni njema. Kinachokusumbua wewe kweli, kiandike na ukipunguze. Vingine kula.

La kumuuliza daktari kwanza ni hili: utumbo wangu umebana popote? Vidonda vya zamani huacha makovu, na makovu huifinya njia. Aliyebanwa aepuke vyenye nyuzinyuzi ngumu: miwa, mahindi ya kuchoma, njugu, vipande vya nazi kavu, maganda ya embe. Ambaye hakubanwa hana sababu ya kuogopa mboga na matunda.

Turudi kwenye mbaazi. Kinachosumbua zaidi ni ganda. Ziloweke usiku kucha, zichemshe hadi zipondeke kwa mwiko, na kama umebanwa zipitishe kwenye chujio ndipo utie tui. Tui nalo lina hesabu yake. Aliyekatwa mwisho wa utumbo mwembamba hainyonyi nyongo sawasawa, na mafuta mengi humharisha. Huyo atumie tui la pili, jepesi. Huyo huyo huenda akahitaji sindano za vitamini B12, kwa kuwa hunyonywa papo hapo palipokatwa. Samaki wa kupaka na wali laini, papai lililoiva, mchicha uliopikwa ukalainika: Mwambao una vyakula vya kumfaa mgonjwa huyu bila kununua makopo ya bei mbaya.

Pilipili ya mihogo ya ufukwe wa Mama Ngina inaweza kukuwasha na kukukimbiza msalani, lakini haijathibitishwa kuamsha maradhi. Sigara ndiyo mbaya. Huifanya Crohn iwe kali na huharakisha kurudi kwake. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa dukani kama peremende, nazo zinaweza kuuchokoza utumbo.

Kwa anayefunga Ramadhani, apange na daktari mapema saa za dawa na maji, hasa aliyewahi kukatwa utumbo. Na wanaoacha dawa kwa kuwa tumbo limetulia wajue kwamba, kwa wengi wao, dawa hizo ndizo zinazolituliza.

Tumbo likikaza na kuuma, ukatapika, na choo wala upepo havitoki, usinywe haluli wala usingoje kupambazuke. Nenda Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara, au hospitali yoyote iliyo karibu yenye daktari wa upasuaji, usiku huo huo.