Tokyo ilimkataa Temu, Mexico ikamvika dhahabu

Umetafuta kazi Kisii mjini mpaka soli imeisha, na bado hakuna kitu? Tulia kidogo, umsikie Naftali Temu wa Nyamira.

Olimpiki ya Tokyo, 1964, mbio za mita 10,000 zilimshinda kumaliza. Kwenye marathoni akawa wa 49. Wengine wangetundika viatu. Yeye alirudi mazoezini.

Mwaka 1968, kule Mexico, alishinda mbio zilezile za mita 10,000. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Siku nne baadaye akaongeza shaba ya mita 5,000.

Kumwamini Mungu si kukaa ukingoja muujiza. Ukishasema amina, funga kamba za viatu, utoke tena.