Kromiamu Haiozi

Thika imekua kwa viwanda vya ngozi, nguo, chuma na vya kusindika matunda, na Ruiru imefuata njia hiyo hiyo. Mto ukibadilika rangi, wakazi hulalamikia uchafu kwa jumla. Sisi tunaoshughulikia uchafu wa viwanda hutenganisha uchafu unaooza na usiooza, kwa sababu dawa zake ni tofauti kabisa.

Unaooza ni kama maji ya viwanda vya kumenya kahawa vya Gatundu na Ruiru. Yamejaa ute na sukari. Yakifika mtoni, bakteria huila sukari hiyo na kumaliza oksijeni, na samaki wakafa. Hiyo ni hasara kubwa, lakini maji hayo yakizuiliwa kwenye mashimo kwa muda wa kutosha, makali yake hupungua. Mabwawa ya majitaka ya mji nayo hufanya kazi hivyo, kwa jua, mwani na bakteria.

Sasa tazama kiwanda cha ngozi. Ngozi mbichi huloweshwa, kisha hutiwa chokaa na salfaidi ya sodiamu ili manyoya yang'oke. Baadaye huingizwa kwenye pipa kubwa linalozunguka, lenye asidi na chumvi ya kromiamu. Hutoka humo ikiwa na rangi ya samawati, na tangu hapo haiozi tena. Lakini ngozi hainyonyi kromiamu yote. Kiasi kinachoweza kufika theluthi moja hubaki majini. Maji hayo yakielekezwa kwenye bomba la mji bila kusafishwa, mabwawa hayana uwezo nayo. Kromiamu ni metali, hakuna bakteria wa kuimaliza, na ikizidi huwaua bakteria wenyewe. Huzama kwenye tope, na tope hilo likikauka wapo wanaolitamani kama mbolea ya sukuma wiki.

Salfaidi ina hatari ya haraka zaidi. Ikikutana na asidi bombani hutoa hewa inayonuka kama mayai viza. Hewa hiyo ikiwa nyingi huifisha pua kwanza, mtu akadhani hewa hiyo imeisha, kisha ikamuua. Fundi yeyote anayeshuka kwenye shimo la majitaka ya viwanda anapaswa kulijua hilo.

Mabaki makavu ya ngozi hiyo ya samawati hayafai kuchanganywa na taka za sokoni katika dampo la Kang'oki mjini Thika. Yakichomwa, kromiamu yake inaweza kugeuka kuwa ile ya daraja la sita, inayosababisha saratani ya mapafu. Betri kuukuu za magari nazo zisivunjwe ovyo kwenye magereji: zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, umetuonyesha risasi inavyowadhuru watoto.

Athari haziishii hapa. Mito ya Chania na Thika hukutana mjini Thika, ikaelekea bwawa la Masinga na mto Tana hadi Kipini. Mto Ruiru huingia Athi, unaofika baharini karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Miji miwili jirani, mabonde mawili tofauti.

Kwa hiyo sumu ya aina hii izuiwe ndani ya kiwanda. Maji ya kromiamu yatengwe na ya salfaidi, yatiwe oksidi ya magnesiamu ili metali itulie, kisha iyeyushwe kwa asidi na kutumika tena. Ujuzi huu ni wa zamani, na kiwanda kinachodai hakiwezi hakijataka.

Sheria ya mazingira ya 1999 na kanuni zake zinavidai viwanda ukaguzi wa kila mwaka. Mkazi wa Makongeni au Kiganjo, omba ripoti ya ukaguzi huo kwa mamlaka ya mazingira, NEMA. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari. Mto ukichafuliwa, Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kuumia. Usingoje mgonjwa wa kwanza.