Jeraha la Meno, Tutuko na Mdudu wa Kidole

Neno la ushuru likikosewa, hasara yake huhesabiwa kwa fedha, na barua ya pili huweza kulisahihisha. Neno la zahanati likikosewa, huenda mgonjwa ameshaondoka. Tulilikumbuka jambo hili tulipoletewa rasimu ya mwongozo wa tiba kwa ajili ya zahanati na vituo vya afya, ili tuipitie kabla haijapigwa chapa. Sura mbili zilitushughulisha kuliko nyingine: ile ya majeraha ya kuumwa, na ile ya maradhi ambayo wataalamu huyaita hepesi.

Tuanze na kuumwa. Neno hili ni la kale na halina kasoro katika mazungumzo, lakini limebeba mzigo mkubwa. Mtu huumwa na mbwa, huumwa na mbu, huumwa na kichwa, na pengine huumwa tu, yaani ni mgonjwa. Rasimu ilisema kwamba "mgonjwa aliyeumwa zaidi ya siku moja" achunguzwe kama ana usaha. Msomaji wa sentensi hiyo saa nane za usiku, kwa mwanga wa taa ya mkono, hana nafasi ya kurudi kwenye kichwa cha sura ili ajue ni kuumwa kupi.

Fikira ya kwanza iliyotujia ni kutumia kung'atwa, kwani kung'ata ni kwa meno. Lakini tabibu mmoja tuliyemshirikisha alituonyesha upungufu wake. Vijana wawili wamepigana. Mmoja amempiga mwenziwe ngumi ya mdomo, na jino limemchana juu ya kifundo cha kidole. Ukimwuliza kama ameng'atwa, atakataa, na atasema kweli. Hata hivyo jeraha lake ni miongoni mwa yale mabaya kabisa, kwa sababu bakteria wa kinywani huweza kuingia moja kwa moja kwenye kiungo cha kidole. Kwa hiyo tumependekeza *jeraha la meno*. Istilahi hii haiulizi nani alikuwa mchokozi. Hutaja kilichopasua ngozi, awe ni mbwa, paka, punda au binadamu.

Hapo palizuka shida nyingine, nayo ndiyo nzito zaidi. Kichaa cha mbwa huenezwa kwa mate, na mate hayahitaji meno. Mkwaruzo wa kucha, au ulimi wa mnyama uliopita juu ya mchubuko, au mate yaliyorukia jichoni, vyote huhesabiwa kuwa ni hatari. Mfasiri alitafuta neno moja la kuvikusanya, akaandika "mtu aliyeambukizwa kichaa cha mbwa". Hili hatukuweza kulikubali. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo vipatavyo 59,000 kila mwaka ulimwenguni. Lakini mtu aliyefikiwa na mate hajawa mgonjwa. Bado ana nafasi kubwa ya kuokoka iwapo jeraha litaoshwa mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, na chanjo ianzishwe siku hiyo hiyo. Jeraha likiwa kubwa huongezewa immunoglobulini ndani yake, na kwa kawaida halishonwi upesi. Kumwita mtu huyo "aliyeambukizwa" ni kumvunja moyo yeye na muuguzi wake pia. Tumeandika *aliyefikiwa na mate ya mnyama*. Ni istilahi ndefu, tunakiri, lakini ni mara chache urefu wa neno kumdhuru mtu.

Kuhusu pepopunda hatukuwa na la kubadili. Jina hilo linajulikana kila mahali.

Katika sura ya pili mfasiri alitumia malengelenge tangu mwanzo hadi mwisho. Malengelenge ni dalili. Hata aliyeungua kwa uji wa moto huwa nayo. Maandishi kadhaa ya kitaalamu yamekwisha kutumia *tutuko*, neno lenye nasaba na kututuka, nasi tunaliunga mkono. Wapo waliotaka tutuko sahili kwa aina inayotokea midomoni na sehemu za siri. Hatukupendezwa: sahili humfanya msomaji adhani kuwa maradhi ni mepesi, ilhali kwa mtoto mchanga yaweza kuua. Afadhali tutuko litajwe kwa mahali pake: tutuko la midomo, tutuko la sehemu za siri, tutuko la kidole.

Aina nyingine watu wameshaipa jina, yaani *mkanda wa jeshi*, nalo libaki. Wagiriki nao waliita zosta, maana yake mshipi. Maelezo tu ndiyo yaongezwe: virusi vyake ni vile vile vya tetekuwanga, vilivyojificha katika mishipa ya fahamu, asiklovia hufaa zaidi ikianzwa kabla ya saa 72 tangu upele kutokea, na mgonjwa ashauriwe kupima virusi vya UKIMWI, hasa akiwa kijana.

Limebaki tutuko la kidole, ambalo rasimu ililiita *mdudu wa kidole*. Kila mtu anamjua mdudu: kidole huvimba, hupwita, usaha hukusanyika, na tabibu hupasua. Lakini tutuko la kidole, linalowapata watoto wanyonyao vidole wakiwa na vidonda vya mdomo, na wauguzi watiao vidole vitupu vinywani mwa wagonjwa, halipasuliwi. Kupasua hakuondoi virusi, bali hufungua mlango wa bakteria. Ukurasa wa 2 wa rasimu ulisema mdudu apasuliwe. Ukurasa wa 40 ulitumia jina hilo hilo kwa ugonjwa usiotakiwa kuguswa na kisu. Tumeomba mdudu abaki kwa ule wa usaha peke yake.

Tumeambiwa kwamba sehemu nyingine mdudu huitwa kaka. Tungependa walimu na watumishi wa afya watuandikie watu wa kwao husemaje, na kama wana jina lolote la kutenga ule wa malengelenge na ule wa usaha. Rasimu bado iko mezani.