Shinikizo la Damu na Moyo Wakati wa Kuwekewa Kichocheo cha Ubongo

Kichocheo cha ubongo huwekwa kwa baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa viungo, ambao dawa peke yake haziwatoshelezi tena. Daktari hutoboa fuvu, hupitisha waya mwembamba hadi ndani ya ubongo, kisha huunganisha waya huo na kifaa kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua. Umeme mdogo wa kifaa hicho hupunguza kutetemeka. Tiba hii ilianza kupata umaarufu kutokana na kazi ya Alim-Louis Benabid huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987.

Mara nyingi mgonjwa huwa macho, akiwa amepigwa ganzi ya kichwa, ili asogeze mkono na kuzungumza umeme unapojaribiwa. Hofu, maumivu na hata kibofu kilichojaa huweza kupandisha shinikizo la damu. Umeme nao, ukifikia sehemu za ubongo zinazotawala moyo na mishipa, huweza kubadili mapigo. Shinikizo likiwa juu wakati waya unapita, mshipa mdogo waweza kupasuka na damu kuvujia ndani ya ubongo. Kwa sababu hiyo, mtaalamu wa usingizi hufuatilia vipimo muda wote.

Upasuaji huu haufanyiki katika zahanati wala hospitali ya wilaya. Hata hivyo, maandalizi ya mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama huanzia karibu na nyumbani:

1. Pima shinikizo mara kadhaa kabla ya safari ya rufaa, na uandike vipimo. Kipimo cha 140/90 au zaidi kinachojirudia ni shinikizo la juu.

2. Usiache dawa za shinikizo au za Parkinson kwa uamuzi wako. Uliza ni zipi utameza asubuhi ya upasuaji.

3. Taja aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda na miti shamba.

4. Eleza iwapo hupata kizunguzungu unaposimama. Parkinson na dawa zake huweza kushusha shinikizo.

Kabla ya kutia saini au kulipa, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa: faida, hatari, gharama zote, na mahali kifaa kitakapohudumiwa baadaye. Usipoelewa, uliza tena.