Betri ya Taa za Dagaa na Kompyuta ya Kiganjani

Katika mwambao wa Ziwa Viktoria, dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakati mwezi haupo. Wavuvi huelea taa majini. Mwanga huwavuta dagaa, na nyavu hufuata. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi nyingi hutumia betri. Karabai iliyokwisha mafuta hujazwa tena bila hasara. Betri ya asidi ya volti 12 haiko hivyo: ikizoea kutumiwa mpaka kuisha kabisa, hufa upesi, na bei yake si ndogo.

Mwanafunzi wa Kisesa, wilayani Magu, kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, hana haja ya kwenda mbali ili kuyaona hayo. Kwa kumfundishia roboti, tatizo hili lafaa kuliko gari dogo lizungukalo sakafuni, ingawa gari hilo hupendwa na watoto. Roboti, kwa maana pana, ni mashine ihisiyo hali ya mambo, ikaamua, ikatenda. Si lazima iwe na miguu.

Kazi ya kuamua hufanywa na maikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyo ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Bodi ya Arduino, ambayo hutumiwa sana na wanafunzi, ilibuniwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005. Michoro yake iliachwa wazi kwa kila mtu, na ndiyo maana nakala za bei nafuu ni nyingi. Bodi iitwayo Uno ina nafasi ya kilobaiti 32 tu, lakini saa yake hupiga mara milioni 16 kwa sekunde. (Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, wakati huo zilikuwa mitambo ya fedha nyingi.) Programu ikishapakiwa hubaki ndani ya bodi hata umeme ukikatika. Kwa hiyo kompyuta moja ya shule yaweza kuhudumia bodi za darasa zima.

Bodi hiyo hupima volti 0 hadi 5, na kipimo hukigeuza kuwa namba kati ya 0 na 1023. Volti 12 zikiunganishwa moja kwa moja, bodi huungua. Hivyo rezista mbili, ya kiloomu 20 na ya kiloomu 10, hufungwa kwa mfuatano, na kipimo huchukuliwa kwenye ile ndogo, ambako hufika theluthi moja tu ya volti za betri. Volti 12 huwa 4, na bodi husoma 818 hivi. Volti 11.5 husomwa kama 784. Mwanafunzi huandika amri: namba ikishuka chini ya 784, rilei ikate taa.

Hapo ndipo somo lenyewe huanza, kwa kuwa taa haizimiki ikatulia: huzimika, huwaka, huzimika tena, na rilei hulia kama panzi. Wanafunzi wengi hushuku waya. Waya ni nzima. Betri inapopumzishwa mzigo, volti zake hupanda kidogo; programu huona namba imepita 784, huwasha taa, na volti hushuka tena. Mashine imetii amri neno kwa neno. Mwalimu na asiharakishe kutoa jibu hapa, hata kipindi kikiisha.

Dawa yake ni kuweka viwango viwili: kukata taa chini ya 784, na kutoiwasha tena mpaka namba ipite 852, yaani volti 12.5, jambo ambalo kwa kawaida hutokea betri ikichajiwa.

Lakini mvuvi aliye katikati ya ziwa hatashukuru taa ikizimika ghafla. Kwa hiyo darasa huongeza kiwango cha tatu, cha juu kidogo, kinachowasha balbu ndogo nyekundu ya tahadhari. Onyo litangulie kwa muda gani, wavuvi wenyewe ndio wa kuulizwa, kabla mstari huo wa programu haujaandikwa.