Karani Ana Jina Lake, Mpagazi Je?



Katika vita vya 1914-1918 makarani wengi wa mabenki ya London waliacha kalamu na vitabu vya hesabu, wakaenda vitani. Waliokufa, mabenki yao yaliwaandika majina kwenye mabamba ya ukumbusho. Hilo ni jambo jema, wala hatuwaonei kijicho. Mfanyakazi akifa kazini, haki iliyo ndogo kabisa ni jina lake kuandikwa.

Vita hivyo hivyo vilifika kwetu. Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura, yakaendelea mpaka Tabora, wakaiteka Septemba 19. Barabara za magari hazikuwapo, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Basi unga na risasi vilibebwa vichwani mwa wapagazi, wengi wao wakichukuliwa vijijini kwa nguvu. Maradhi na njaa viliwaua kuliko risasi.

Upande wa Waingereza peke yake walihesabiwa wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi chao. Lakini jina la kikosi si jina la mtu. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Waingereza ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au labda hawakukumbukwa kabisa.

Kukosa jina si hasara ya heshima tu. Mishahara ya maelfu ya wapagazi hao haikuwafikia wajane wala yatima wao.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa viwandani na wa mashamba ya chai, hakikisheni majina yenu yameandikwa INSS, pamoja na ya wake, waume na watoto wenu. Kibarua naye aulizie haki yake. Na kila tawi la sendika liwe na daftari la wenzetu waliofia kazini: jina, kilima alikotoka, kazi yake na siku aliyofariki.

Karani alikumbukwa kwa sababu jina lake lilikuwa daftarini. Mbeba mzigo naye ana jina. Tuliandike sisi wenyewe.